Saratani na Damu ya Ukoo: Tunachorithi na Tusichorithi

(Haya ni maneno aliyoyasema Afisa Habari wa Halmashauri mbele ya mkutano wa wananchi wa Kata ya Kibimba, katika siku ya elimu ya afya. Yanachapwa hapa kwa maombi ya waliohudhuria, na kwa faida ya wale ambao shughuli za shamba hazikuwaruhusu kufika.)

 

Naomba nianze kwa kukiri jambo moja. Mimi si daktari. Kazi yangu ni habari, na elimu niliyosomea ni ya mawasiliano kwa umma. Mambo nitakayoyasema leo ni ya kitabibu, nami nimeyakusanya kwa wanaoyajua na kuyapanga kwa lugha yetu ili kila mmoja aondoke nayo. Yeyote atakayekuwa na swali la mwili wake mwenyewe, asiniulize mimi. Amwendee mganga wa zahanati au daktari.

Nimeichagua mada hii kwa sababu ya swali ambalo nimelisikia mara nyingi katika mikutano ya kata. Halikuulizwa kwa kipaza sauti. Huulizwa baada ya mkutano kufungwa, mtu akiwa amenivuta pembeni chini ya mti: "Binti yangu, hivi saratani ni ugonjwa wa ukoo?" Anayeuliza huwa amefiwa na mama, dada au mjomba, na nyuma ya swali lake kuna hofu mbili. Ya kwanza ni hofu ya kufa kama yule ndugu. Ya pili ni hofu ya kusemwa. Nimesikia habari za uchumba uliovunjwa baada ya upande wa kijana kupata habari kwamba mama wa binti alifariki kwa saratani. Mahari ilikuwa imekwisha kuzungumzwa. Walisema, "Maji hufuata mkondo," wakarudisha barua.

Swali hili nalijua kwa ndani pia. Bibi yangu mzaa baba alifariki kwa kile ambacho nyumbani kiliitwa jipu la titi. Miaka mingi baadaye shangazi yangu, dada wa baba, aliona uvimbe katika titi lake akaufunika kwa kanga na kwa ukimya. Alipokuja kusema, uvimbe ulikuwa umekwisha kuwa kidonda, na safari ya hospitali ikawa ya kupunguza maumivu tu. Wahenga walisema mficha maradhi kilio humfichua. Kilio cha shangazi kilitufichulia ugonjwa ambao tungeweza kuujua mapema. Mimi ni binti wa kaka yake, na ninayoyasema leo yananihusu kama yanavyomhusu yeyote aliyekaa hapa.

Sasa jibu, kwa ufupi kwanza. Saratani nyingi hazirithiwi. Wataalamu hukadiria kwamba katika kila wagonjwa 100 wa saratani, kati ya 5 na 10 ndio ambao ugonjwa wao umetokana na hitilafu ya jeni waliyozaliwa nayo. Hao waliobaki, walio wengi mno, wameupata kwa njia nyingine: virusi, tumbaku, pombe, jua kali, uzee, na makosa ambayo mwili huyafanya wenyewe unapojenga chembe mpya kila siku. Kwa hiyo anayesema saratani zote ni za ukoo amekosea, na anayesema hakuna saratani ya ukoo amekosea vilevile. Ukweli uko katikati, nao una faida kubwa kwa anayeujua.

Tuielewe kwanza jeni. Mwili wa binadamu umejengwa kwa chembe ndogo mno zisizohesabika, na ndani ya kila chembe yamo maagizo ya namna ya kuishi, kukua na kukoma kukua. Agizo moja moja ndilo tunaloliita jeni. Kila mtu hupewa nakala mbili za karibu kila agizo, moja kutoka kwa baba na nyingine kutoka kwa mama. Baadhi ya maagizo hayo kazi yake ni ulinzi: huizuia chembe isijigawe ovyo, au huitengeneza inapoharibika. Chembe iliyopoteza ulinzi huo hujigawa bila kikomo, nayo ndiyo saratani.

Chukulieni mfano wa ghala la maharage lenye walinzi wawili. Mlinzi mmoja akilala, wa pili yupo, na ghala liko salama. Wote wawili wakilala, mwizi ameingia. Wengi wetu tumezaliwa na walinzi wote wawili wakiwa macho, na ni nadra katika chembe moja wote wawili kuanguka. Lakini yupo mtu ambaye katika kila ghala la mwili wake amezaliwa na mlinzi mmoja aliyekwisha kulala. Huyo hakuzaliwa na saratani. Amezaliwa karibu nayo zaidi kuliko jirani yake, kwa kuwa kwake inatosha mlinzi mmoja tu kuanguka.

Aliyelieleza jambo hili kwa mara ya kwanza kwa hesabu ni daktari wa Marekani, Alfred Knudson, mwaka 1971. Alizichunguza habari za watoto 48 waliougua saratani ya jicho iitwayo retinoblastoma. Aliona kwamba watoto waliougua macho yote mawili waliugua mapema zaidi, na akahitimisha kwamba hao walizaliwa na pigo la kwanza tayari. Jeni yenyewe ilikuja kupatikana mwaka 1986, nayo huitwa RB1.

Akina mama na akina baba wenye watoto wadogo, hapa naomba tusimame kidogo. Saratani hii huwapata zaidi watoto walio chini ya miaka 5. Karibu 4 kati ya kila 10 wanaoipata wana hitilafu inayoweza kurithiwa, na mzazi mwenye hitilafu hiyo ana nafasi 1 kati ya 2 ya kumpa kila mtoto anayemzaa. Hata hivyo watoto walio wengi huwa wa kwanza katika familia zao. Hakuna babu wala bibi aliyepata kuugua. Dalili yake huonekana nyumbani kabla ya hospitali: katikati ya jicho, pale panapopaswa kuwa peusi, panang'aa kwa weupe, hasa usiku mwanga wa taa unapompiga mtoto usoni au katika picha ya simu. Dalili nyingine ni makengeza yaliyoanza ghafla. Ukiona hivyo usimwekee mtoto majani machoni, wala usisubiri kahawa iuzwe. Ikiwahiwa, mtoto huyu hupona. Ikichelewa hupoteza jicho, na ikichelewa zaidi hupoteza maisha. Na mzazi ambaye mtoto wake mmoja aliugua, awapeleke wadogo zake wote wakachunguzwe macho tangu wakiwa wachanga.

Tuje kwenye titi. Kwa miaka mingi wataalamu wengi hawakuamini kwamba saratani ya matiti inaweza kubebwa na jeni moja. Mwanasayansi wa Marekani, Mary-Claire King, aliendelea kufuatilia koo ambazo wanawake wake waliugua wakiwa bado vijana, na mwaka 1990 akaonyesha mahali jeni hiyo ilipo. Mwaka 1994 ilipatikana, ikaitwa BRCA1. Ya pili, BRCA2, ikafuata mwaka 1995. Zote mbili ni jeni za ulinzi, na kazi yake ni kusaidia chembe kutengeneza maagizo yake yanapokatika.

Utafiti mkubwa uliochapishwa mwaka 2017, uliowafuatilia karibu wanawake 10,000 wenye hitilafu hizi katika nchi za ng'ambo, ulionyesha kwamba katika kila wanawake 100 wenye hitilafu ya BRCA1, wapatao 72 huugua saratani ya matiti kabla ya kutimiza miaka 80, na 44 huugua saratani ya ovari, yaani vifuko vya mayai ya uzazi. Kwa BRCA2 idadi ni 69 na 17. Hatari hiyo ni kubwa mno kuliko ya wanawake wengine. Lakini ziangalieni namba hizo kwa jicho la pili pia: wapo waliobeba hitilafu hiyo maisha yao yote wasiugue. Kurithi jeni ni kurithi hatari. Ugonjwa wenyewe si lazima ufuate.

Wala tusidhani kwamba haya ni ya watu wa mbali. Katika utafiti uliochapishwa mwaka 2020, uliofanywa kwa wagonjwa wa saratani ya matiti katika hospitali za Kampala, kwa jirani zetu wa Uganda, na Yaoundé nchini Kamerun, zaidi ya mgonjwa 1 katika kila 10 alikutwa na hitilafu ya kurithi. Jambo hili liko katika damu za Waafrika kama lilivyo katika damu za watu wengine.

Jambo la pili nataka wanaume walisikie vizuri. Hitilafu hizi hazipiti kwa mama peke yake. Baba huzibeba na kuzitoa sawasawa na mama, nafasi 1 kati ya 2 kwa kila mtoto, wa kike kwa wa kiume. Mwanamume mwenye hitilafu ya BRCA2 yuko katika hatari zaidi ya saratani ya tezi dume, na anaweza hata kuugua saratani ya matiti mwenyewe. Nilipokuwa mdogo niliambiwa kwamba ya shangazi hayanihusu kwa kuwa mama yangu ni wa ukoo mwingine. Kumbe daktari anapouliza habari za ukoo, mtajie shangazi na bibi mzaa baba kwa uzito uleule wa mama mdogo na bibi mzaa mama.

Ndugu wananchi, sasa nije kwenye urithi unaoonekana kwa macho katika kanda yetu ya Ziwa, nao ni ualbino. Hukadiriwa kwamba nchini Tanzania mtu 1 katika kila watu 1,400 huzaliwa na ualbino, wakati Ulaya na Marekani ya Kaskazini ni mtu 1 katika kila watu 17,000 hadi 20,000. Mwaka 1995 ulichapishwa utafiti wa wagonjwa wa Tanzania ulioonyesha kwamba wengi wao wana hitilafu ya aina moja katika jeni iitwayo OCA2: kipande cha agizo kimekatika.

Urithi wa ualbino unafanana na ule wa selimundu, ugonjwa ambao familia nyingi za kanda hii zinaujua. Mtu akipata nakala moja mbovu na moja nzima, ngozi yake huwa na rangi kama ya mtu mwingine yeyote, na hajui kwamba ameibeba. Wabebaji wawili wakioana, kila mimba ina nafasi 1 kati ya 4 ya kuzaa mtoto mwenye ualbino. Kwa hiyo mtoto huyo amepata nakala moja kwa baba na nyingine kwa mama, wote wawili bila kujua. Hakuna uzinzi hapo, hakuna laana, hakuna mzimu aliyekasirika. Mwanamume anayemfukuza mke kwa sababu hiyo anamfukuza kwa jambo ambalo nusu yake limetoka kwake mwenyewe.

Na saratani inaingiaje? Jeni ya ualbino haizalishi saratani. Inachofanya ni kuuondoa mwavuli. Rangi ya ngozi zetu ni mwavuli dhidi ya miale ya jua, na asiye nayo hupigwa na jua hilo moja kwa moja, mwaka baada ya mwaka. Mwaka 1985 ulichapishwa utafiti wa watu 350 wenye ualbino jijini Dar es Salaam, nao ulionyesha kwamba madhara ya jua kwenye ngozi huanza tangu utotoni. Wengi wamepotea kwa saratani ya ngozi wakiwa bado na nguvu za kulea. Huu ni mfano ulio wazi kuliko yote wa namna urithi na mazingira yanavyofanya kazi pamoja, na wa namna tunavyoweza kuingia kati. Jeni hatuwezi kuibadili. Kivuli tunaweza kukitoa.

Kofia yenye ukingo mpana, shati la mikono mirefu, kazi za shamba kufanywa alfajiri na jioni, dawati la mwanafunzi kuwekwa mbali na dirisha lenye jua, na mafuta ya kinga ya jua: hayo ndiyo yanayoongeza miaka. Katika hospitali ya KCMC mjini Moshi hutengenezwa mafuta ya Kilisun, yaliyotengenezwa mahsusi kwa ajili ya ngozi za watu wenye ualbino nchini mwetu. Kidonda kisichopona, au gamba gumu usoni, masikioni, shingoni au mikononi, lichunguzwe mapema, kwa kuwa saratani ya ngozi iliyo ndogo huondolewa kwa upasuaji mdogo.

Lakini mafuta na kofia havitoshi ikiwa jirani ni adui. Mwaka 2024 mkoa wetu wa Kagera uliingia katika huzuni kubwa pale mtoto mdogo mwenye ualbino alipotekwa na kuuawa wilayani Muleba. Ninalitaja hili kwa kuwa mama anayeogopa mtoto wake kutekwa atamfungia ndani, hatamleta kliniki, hatampeleka shule. Usalama wa mtoto huyo ndio mlango wa tiba yake. Kila mmoja wetu katika Kibimba ni mlinzi wa mlango huo.

Baada ya kusema yanayorithiwa, ni haki nitaje yasiyorithiwa, ili tusibebeshe koo mzigo usio wao. Saratani ya mlango wa kizazi, inayoongoza kwa wanawake wa Tanzania, karibu yote husababishwa na virusi viitwavyo HPV. Mama na binti wakiugua wote wawili, kwa kawaida ni kwa sababu wote wawili walikutana na virusi na wote wawili hawakuchunguzwa. Chanjo yake ilianza kutolewa nchini kote mwaka 2018, na tangu mwaka 2024 hutolewa kwa dozi moja kwa wasichana wa miaka 9 hadi 14. Saratani ya ini nyingi hutokana na virusi vya homa ya ini, na watoto wetu hupata chanjo ya homa ya ini ya aina B katika kliniki ya kawaida. Hata uvimbe wa taya za watoto, ambao daktari Denis Burkitt aliueleza mwaka 1958 akiwa Kampala na ambao hadi leo unaitwa kwa jina lake, una hitilafu ya jeni ndani yake, lakini hitilafu hiyo hutokea mtoto akiwa amekwisha kuzaliwa. Malaria ya mara kwa mara ni mojawapo ya mambo yanayomfungulia njia ugonjwa huo. Kwa hiyo mzazi anayemlaza mtoto ndani ya chandarua anamkinga na zaidi ya homa.

Tufanye nini basi? Kwanza, tuzungumze nyumbani. Wazee, ninyi ndio kumbukumbu ya ukoo. Waambieni vijana nani aliugua nini, upande gani, na akiwa na umri gani. Ishara za urithi ni hizi: ndugu wawili au zaidi wa damu kuugua saratani ya aina moja, mtu kuugua saratani ya matiti kabla ya miaka 50, mtu mmoja kuugua matiti yote mawili, au titi pamoja na ovari, na mwanamume kuugua titi. Mwenye ishara hizo asijihukumu. Aende akazitaje.

Pili, tuwahi. Kipimo cha jeni hakipatikani katika zahanati zetu, lakini macho na mikono ya mtaalamu vipo. Uvimbe, titi kubonyea au ngozi yake kubadilika, chuchu kutoa majimaji au damu, hayo yote ni ya kuonyeshwa wiki hiyohiyo. Njia ni zahanati, kisha kituo cha afya au hospitali, na panapohitajika rufaa ya Bugando jijini Mwanza au Taasisi ya Saratani Ocean Road jijini Dar es Salaam. Wasio na uwezo wapitie kwa afisa ustawi wa jamii kabla ya kukata tamaa, wala wasiuze shamba kwanza.

Tatu, tuache kuvunja ndoa kwa uvumi. Binti ambaye mama yake alifariki kwa saratani anahitaji familia itakayomkumbusha siku ya kwenda kupimwa. Na ukweli ni kwamba kati ya walioirudisha ile barua ya uchumba, hakuna aliyejua ni hitilafu gani zilizomo katika damu yake mwenyewe. Kila ukoo una urithi wake usioonekana.

Nami namalizia na la kwangu. Baada ya mazishi ya shangazi nilikwenda hospitali, nikamweleza daktari habari za bibi na za shangazi. Alinichunguza, akaniandikia katika daftari kwamba nirudi kila mwaka, bila kusubiri uvimbe. Sijui kama nimeibeba hitilafu hiyo. Ninajua tarehe ya kurudi, na nimewaambia dada zangu nao wanaijua yao. Shangazi hakuwa na mtu wa kumwambia. Sisi tuliopo hapa tunao, kuanzia leo.